Siri ya mashauriano ya Rais si kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie neno moja lililozoeleka vibaya katika habari zetu za Kiswahili. Kila Rais wa Marekani anapokataa kutoa nyaraka, au anapomzuia msaidizi wake kutoa ushahidi, tunasoma kwamba "ametumia kinga". Wengine huandika "upendeleo wa mtendaji", tafsiri ya neno kwa neno ya "executive privilege", maneno ambayo hayamwambii msomaji chochote. Kinga humkinga mtu asishtakiwe. Kinachobishaniwa katika habari hizo ni haki ya Rais ya kutunza siri ya mashauriano yake na wasaidizi wake. Haki hiyo ina mwenyewe, ina utaratibu wa kuidai, na ina mahali inapokomea. Msomaji akiambiwa "kinga" anaamini shauri limekwisha, kumbe hapo ndipo linapoanza.

Ukiisoma Katiba ya Marekani mwanzo hadi mwisho hutaikuta ibara inayoitaja haki hiyo. Ilijengeka kwa mazoea. Mwaka 1792 Baraza la Wawakilishi lilitaka nyaraka za kushindwa vibaya kwa jeshi la Jenerali Arthur St. Clair. George Washington aliwakutanisha mawaziri wake, wakakubaliana kwamba Rais anaweza kuzuia karatasi ambazo zikitoka zitaudhuru umma, kisha akazitoa. Mwaka 1796 akakataa kulikabidhi Baraza hilohilo nyaraka za mkataba ambao John Jay aliufunga na Uingereza, kwa hoja kwamba mikataba ni kazi ya Rais na Seneti. Mei 1954 Dwight Eisenhower alikwenda mbali zaidi: aliwazuia watumishi wa Wizara ya Ulinzi kueleza mazungumzo yao ya ndani mbele ya kamati iliyokuwa ikisikiliza ugomvi wa Seneta Joseph McCarthy na jeshi.

Sababu ya haki hii ni nzito na sitaki kuidharau. Mshauri anayejua kwamba neno lake la leo litasomwa hadharani kesho atatoa ushauri wa kujilinda yeye. Hatathubutu kumwambia Rais kwamba mpango wake ni mbovu, wala hatataja njia isiyopendwa na watu hata kama ndiyo iliyo sahihi. Aliyewahi kuona muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa kuogopa wakaguzi anajua ninachosema: karatasi inakuwa safi na haina kitu ndani. Kwa hiyo swali si kama siri hiyo ilindwe. Swali ni nani anaidai, juu ya nini, dhidi ya nani, na nani anapima.

Majibu yalipatikana katika kesi ya kanda za Richard Nixon, na kesi hiyo inastahili kuelezwa kwa utaratibu maana wengi wanaijua kwa jina tu. Juni 17, 1972 watu 5 walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wapinzani wa Nixon, katika jengo la Watergate, Washington. Mwaka mmoja baadaye, Julai 16, 1973, Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi wa Nixon Ikulu, aliieleza kamati ya Seneti kwamba tangu Februari 1971 mazungumzo ya Rais yalikuwa yakirekodiwa. Maikrofoni 5 zilikuwa zimefichwa ndani ya meza yake ya kazi, na mitambo ilijiwasha yenyewe mtu alipoanza kusema. Kuanzia siku hiyo ushahidi haukuwa tena wa huyu kasema na yule kakana.

Mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox aliomba kanda 9. Nixon alikataa, Jaji John Sirica akaamuru zitolewe, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Oktoba 20, 1973 Rais aliagiza Cox afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alijiuzulu kuliko kutii, naibu wake William Ruckelshaus naye akakataa, na kazi hiyo ikafanywa na Robert Bork, aliyewafuata kwa cheo wizarani. Hasira ya wananchi ilimlazimisha Rais kutoa baadhi ya kanda, na katika moja, ya Juni 20, 1972, dakika 18 na nusu zilikuwa zimefutwa. Wataalamu 6 walioichunguza walisema ilifutwa kwa mikono, angalau mara 5 tofauti. Ndiyo maana jaji anayeamuru ushahidi wa namna hii huagiza aletewe kanda asilia, wala hapokei maandishi yaliyonakiliwa na ofisi ya mwenye kanda.

Aliyefuata, Leon Jaworski, alifanya kazi yake kwa namna ambayo kila wakili kijana angepaswa kuisoma. Aprili 18, 1974 alipata samansi ya mazungumzo 64. Hakuomba "kanda zote zinazohusu Watergate". Ofisi yake ilikuwa imeshapata kumbukumbu za kila siku za Ikulu na orodha ya watu waliopangiwa kumwona Rais, hivyo kila mazungumzo yaliandikwa tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo. Kanuni ya mwenendo wa jinai ilimtaka avuke vizingiti vitatu: aonyeshe kwamba ushahidi unahusiana na mashtaka, kwamba utapokeleka mahakamani, na kwamba ametaja hasa anachokitaka. Anayeomba kwa jumla huangukia hapo hapo kwenye kizingiti cha tatu, kabla hata siri ya Rais haijafikiriwa.

Nixon kwa upande wake alidai kwa jumla. Aprili 30 alichapisha maandishi yaliyohaririwa, zaidi ya kurasa 1,200, yakiwa na sehemu za mazungumzo 20 kati ya yale 64, kisha akasema yaliyobaki ni siri kwa sababu tu ni mazungumzo ya Rais. Hakudai kwamba ndani yake mna siri za kijeshi, za kidiplomasia au za usalama wa taifa. Hilo ndilo lililomwangusha. Julai 24, 1974 majaji 8 wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, walikubali kwamba haki ya siri ipo na inatokana na mgawanyo wa mamlaka, lakini wakasema haja ya jumla ya faragha haiwezi kuishinda haja mahsusi, iliyothibitishwa, ya ushahidi katika kesi ya jinai. Jaji wa 9, William Rehnquist, alijitoa kwa kuwa alikuwa amefanya kazi katika Wizara ya Sheria ya serikali hiyo.

Magazeti mengi huishia hapo, na hivyo huruka sehemu yenye manufaa zaidi, yaani jinsi amri ilivyotekelezwa. Kanda hazikupelekwa kwa mwendesha mashtaka wala kwa waandishi. Zilipelekwa kwa Jaji Sirica zikiwa na orodha na maelezo ya kila kipande. Jaji azisikilize akiwa chemba, achague sehemu zinazohusu kesi na zinazopokeleka, ampe Jaworski hizo tu, na zilizobaki zirudishwe zilikotoka zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Mahakama ilisisitiza kwamba yasiyohusika yasivuje hata neno. Kwa hiyo siri ya Rais ililindwa na hukumu ileile iliyomshinda. Agosti 5 yakatolewa mazungumzo ya Juni 23, 1972, ambamo Nixon na mkuu wa watumishi wake wa Ikulu, H. R. Haldeman, walikubaliana kuitumia CIA kuizuia FBI isiendelee na upelelezi. Agosti 9 Rais hakuwa tena madarakani.

Kuna jambo lingine ambalo silioni likitajwa. Kamati ya Seneti nayo ilikuwa imedai kanda, na Mei 23, 1974, miezi miwili tu kabla ya hukumu ile, mahakama ya rufaa iliinyima. Rais alikuwa yuleyule na hoja ya siri ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa haja ya mwombaji: mahakama iliona kamati haikuonyesha kwamba bila kanda hizo kazi yake ya kutunga sheria isingefanyika, hasa kwa kuwa kamati nyingine ya Bunge ilikuwa imeshapata nakala. Mwendesha mashtaka ana mshtakiwa, ana kosa, ana tarehe ya kesi. Bunge huwa na sababu pana, na upana huo ndio udhaifu wake mbele ya jaji. Mahakama ya Juu yenyewe ilisema wazi katika hukumu ya Nixon kwamba haiamui ugomvi wa Rais na Bunge, wala kesi za madai.

Tangu hapo utaratibu umekazwa. Waraka wa Ronald Reagan wa Novemba 4, 1982 unaeleza hatua ambazo serikali zilizofuata zimeendelea kuzitegemea. Mkuu wa wizara akiona ombi la Bunge linagusa siri, kwanza atafute mwafaka. Akishindwa, amshirikishe Mwanasheria Mkuu na mwanasheria wa Ikulu. Wakati huo anaweza kuliomba Bunge lisubiri, lakini lazima aseme kwamba kuomba kusubiri si kudai siri. Wakiona madai yanafaa, suala hupelekwa kwa Rais, na ni Rais peke yake anayeamua. Hapo ndipo waziri anapoliarifu Bunge kwamba madai yametolewa kwa idhini mahsusi ya Rais.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowanasa watu. Peter Navarro, aliyekuwa mshauri wa Donald Trump, aliitwa na kamati iliyochunguza uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021. Hakwenda wala hakupeleka karatasi, akisema haki ya siri inamfunga. Mahakamani alitakiwa aonyeshe kwamba Trump aliidai haki hiyo mbele ya kamati. Jaji hakuona ushahidi wa kutosha, akamnyima utetezi huo. Septemba 2023 alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, akafungwa miezi 4 kuanzia Machi 2024. Steve Bannon, mshauri mwingine wa Trump aliyekaidi wito wa kamati hiyo, alipata kifungo kama hicho, naye alikuwa ameondoka Ikulu tangu Agosti 2017. Sheria ya kosa hilo inataja kifungo cha mwezi 1 hadi 12. Na hata Rais anapodai kweli, kwa kawaida shahidi hutakiwa afike, akae kitini, na adai siri kwa kila swali linaloigusa. Kutofika kabisa ni jambo jingine.

Kuna pia ngazi mbili za siri, na kuzichanganya huleta habari za uongo hata kama mwandishi hakukusudia. Mahakama ya rufaa ya Washington ilizitenganisha mwaka 1997 katika shauri lililotokana na uchunguzi wa Mike Espy, aliyekuwa waziri wa kilimo. Ngazi ya juu ni mawasiliano ya Rais mwenyewe pamoja na wasaidizi wa karibu wa Ikulu wanaomwandalia ushauri, hata kama karatasi yenyewe haikufika mezani kwake. Hulinda waraka wote, pamoja na takwimu na maelezo ya matukio yaliyomo. Anayeutaka lazima aonyeshe kwamba una ushahidi muhimu usiopatikana kwingine baada ya kutafuta kwa bidii. Ngazi ya chini ni majadiliano ya ndani ya wizara kabla ya uamuzi. Hiyo hulinda maoni tu, hailindi taarifa za matukio, na huyeyuka pale panapokuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna uovu uliofanyika serikalini. Afisa wa wizara akisema "haya ni mashauriano ya Rais" wakati waraka haukutoka wala kuingia Ikulu, anajivika joho lisilo lake.

Rais mstaafu je? Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilisema mstaafu anaweza kuidai haki hii, kwa kuwa inalinda nchi na si mtu, ila dai lake hupungua nguvu Rais aliyeko anapolikataa. Mwaka 1978 Bunge likatunga sheria iliyofanya kumbukumbu zote za Rais kuwa mali ya taifa, kuanzia Januari 20, 1981. Mashauriano ya siri yanaweza kuzuiwa kwa umma hadi miaka 12 baada ya Rais kuondoka. Ndiyo sheria iliyotumika mwaka 2021, Joe Biden alipokataa kuunga mkono dai la Trump juu ya nyaraka zilizoombwa na kamati ya Januari 6. Trump alikwenda mahakamani akashindwa, na Januari 19, 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuzuia nyaraka, jaji mmoja tu akiandikwa kuwa angekubali ombi lake. Wengi walidhani hukumu hiyo imewavua marais wastaafu siri zao. Sivyo. Mahakama ya rufaa ilikuwa imesema kwamba dai lile lingeshindwa hata kama Trump angekuwa bado Rais, na Mahakama ya Juu ikasimama juu ya sababu hiyo.

Hapa naomba niseme kinachonisikitisha katika mfumo wa wenzetu. Bunge lao likishinda hoja, bado halina meno dhidi ya serikali iliyo madarakani. Juni 28, 2012 Baraza la Wawakilishi lilimtia hatiani Mwanasheria Mkuu Eric Holder kwa kulidharau, baada ya Barack Obama kudai siri juu ya nyaraka za operesheni ya silaha iliyoitwa Fast and Furious. Juni 12, 2024 lilifanya hivyo kwa Merrick Garland, Mwanasheria Mkuu wa Biden, kwa kura 216 dhidi ya 207, kwa ajili ya sauti ya mahojiano ya Biden ambayo maandishi yake yalikuwa yameshatolewa. Mara zote mbili Wizara ya Sheria ilikataa kushtaki, na wizara hiyo iko chini ya aliyetiwa hatiani. Kesi ya madai ya nyaraka za Holder ilisuluhishwa mwaka 2019, wakati Obama ameshaondoka. Haki inayotegemea kuchelewa ili ishinde inaharibu jina la haki yenyewe.

Sasa, kinga. Julai 1, 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba Rais mstaafu hawezi kushtakiwa kwa matendo yaliyo katika kiini cha mamlaka yake ya kikatiba, na kwamba matendo mengine ya kiofisi huchukuliwa kuwa yamekingwa hadi upande wa mashtaka uonyeshe vinginevyo. Hapo neno "kinga" ndilo sahihi. Lakini majaji walio wengi waliongeza kwamba maelezo ya Rais au washauri wake yanayochunguza matendo hayo yaliyokingwa yasitumike kama ushahidi katika kesi yake. Tokeo lake ni kwamba kanda kama ya Juni 23, 1972 inaweza kukutana na kizuizi ambacho Jaworski hakukutana nacho. Mambo haya mawili yamesogeleana, ndiyo sababu zaidi ya kuyaita kila moja kwa jina lake.

Na kwetu haya si ya mbali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imeyatenga vizuri. Ibara ya 46 ni kinga dhidi ya mashtaka na madai. Ibara ya 54(5) ni siri: mahakama haitachunguza kama Baraza la Mawaziri lilimpa Rais ushauri, wala ni ushauri gani. Iko kwenye maandishi, jambo ambalo Wamarekani hawana, na haina mizani ya jaji kama ile ya mwaka 1974. Lakini iangalie vizuri: inataja ushauri wa Baraza la Mawaziri kwa Rais. Haitaji mkataba uliosainiwa, wala barua ya wizara kwa mkandarasi.

Kenya, kifungu cha 131 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka waziri aape kwamba ameuchunguza mwenyewe waraka unaotakiwa na kwamba anaona kuutoa kutadhuru utumishi wa umma. Ni lugha ya enzi ya hukumu ya Uingereza ya mwaka 1942, kiapo cha waziri kilipokuwa neno la mwisho. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1968, majaji walipojipa mamlaka ya kuusoma waraka wenyewe. Na Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016 inaruhusu mahakama kuamuru taarifa itolewe ikiwa maslahi ya umma yanazidi madhara.

Ombi langu kwa chumba chako cha habari, Ndugu Mhariri, ni dogo. "Kinga" libaki kwa mashtaka. "Nyaraka za siri" libaki kwa karatasi zenye mhuri wa usalama, ambazo nazo zina sheria zake. Kwa hili tulilozungumza andikeni "haki ya siri ya mashauriano". Kisha habari iseme ni nani aliyeidai na lini, kwa waraka au mazungumzo gani, dhidi ya mahakama au Bunge, na kama kuna jaji aliyeuona waraka wenyewe. Mwandishi asipopata jibu la swali la kwanza, aandike tu kwamba shahidi amekataa kujibu, maana hadi Rais mwenyewe aseme, hakuna haki iliyodaiwa.

Msomaji wako,
Mwanasheria, Morogoro